Haraka ya Njiani na Amri ya Tano

Watu wa Shinyanga na wa Geita wenye safari ya pwani huulizana neno moja kabla ya kuondoka: Tupite wapi ili tufike upesi? Swali hili si baya. Mwenye akili huipima njia kabla ya kuishika, asipoteze siku na mafuta bure. Lakini ndani yake limo swali la pili, ambalo wachache huliuliza: Upesi huo tutaupata kwa mali ya nani? Hilo ndilo tutakalo kulifikiri mwezi huu.

Njia yenyewe twaijua. Atokaye Geita huvuka ghuba ya ziwa pale Busisi, kisha hushika njia ya Shinyanga; au hupita Kahama; na njia hizo mbili hukutana Tinde. Toka hapo ni Nzega, Igunga, mbuga ya Wembere, mlima wa Sekenke, na Singida. Hapo Singida njia hugawanyika. Moja huenda Babati na Arusha, hata Tanga. Nyingine huenda Manyoni, Dodoma, Morogoro na Chalinze. Aendaye Dar es Salaam huchagua hiyo ya Dodoma, kwa kuwa ile ya Arusha ni ndefu zaidi kwake. Toka Shinyanga ni mwendo wa kilometa zipatazo 1,000. Kuichagua njia iliyo fupi si dhambi.

Wako wasemao kwamba haraka yote haina baraka. Sisi hatusemi hivyo, maana wazee walionena hayo ndio walionena pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walichukua mizigo ya pembe kwa miguu hata Bagamoyo, na wengine hawakurudi kwao. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1928 ikafika Mwanza, ikipita Shinyanga. Baadaye ikaja barabara ya lami. Na mwezi wa Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa kama 3. Nao waliokuwa wakikingoja kivuko sasa huvuka kwa dakika chache. Mgonjwa apelekwaye Mwanza hafii tena ukingoni mwa maji kwa kungoja zamu. Upesi wa namna hii umeletwa na kazi ya watu wengi, na kila avukaye hupata fungu lake bila kumpunguzia mwenziwe. Yatupasa kuupokea kwa shukrani.

Lakini iko haraka ya namna ya pili. Hiyo haitoki katika daraja wala katika lami. Hutoka kwa jirani, naye hakuulizwa. Dereva alipitaye lori katika kona ya Sekenke, mahali asipoona mbele, huyatia rehani maisha ya mtu ajaye upande wa pili. Tajiri ampaye dereva mmoja safari iwapasayo madereva wawili, hukopa usingizi wa dereva na roho za abiria pamoja. Mwezi wa Julai 2016, katika wilaya ya Manyoni, mabasi mawili ya njia yetu hii, moja likitoka Kahama na jingine likienda Kahama, yaligongana uso kwa uso, na watu wapatao 30 wakafa. Walikuwa wametoa nauli yao ili wafikishwe kwa watu wao.

Na tufanye hesabu kidogo. Sheria ya nchi yetu yaagiza kwamba mahali penye makazi ya watu gari lisizidi kilometa 50 kwa saa, na mabasi na malori yasizidi 80 mahali pengine. Tuseme kijiji kina urefu wa kilometa 2 kando ya barabara. Akipitaye kwa mwendo wa 80 hutumia dakika moja na nusu. Akipitaye kwa 50 huongeza sekunde 54 tu. Vijiji 20 vya namna hiyo humgharimu dakika 18 katika safari ya siku nzima. Hiyo ndiyo bei ya haraka yake. Katika mizani upande huu ziko dakika 18. Upande wa pili yuko mtoto avukaye barabara na ndoo ya maji kichwani, na bibi asiyesikia vema. Nani kati yetu, akiulizwa mbele ya mama wa mtoto yule, angethubutu kusema kwamba biashara hii ni halali?

Labda mtu atajibu: Nina mgonjwa garini, au, Mali yangu itashuka bei nikichelewa. Wa kwanza twamhurumia. Ndiyo maana gari la wagonjwa hupewa njia, na wote wakaisikia sauti yake wakajitenga. Jirani hapo ameombwa, naye ametoa. Wa pili twamwambia kwamba hasara ya mali yake ni yake, wala hana ruhusa ya kumlipisha mtu wa Igunga asiyemjua.

Twawafundisha watoto wetu amri ya tano, kwamba tusiue. Katika Katekisimo Martin Luther aliieleza kwamba haitoshi kuuzuia mkono usipige; yatupasa tusimdhuru jirani mwilini mwake, tena tumsaidie. Basi amri hii ina kazi njiani kama ilivyo na kazi nyumbani. Kumbukeni mfano wa njia ya Yeriko. Bwana hakutuambia kuhani na Mlawi walikuwa wakienda kufanya nini. Huenda walikuwa na sababu njema. Msamaria naye alikuwa safarini, mwenye shughuli zake. Lakini alihesabu saa zake kuwa zaweza kupungua kwa ajili ya mwingine.

Wala tusimwachie dereva peke yake mzigo huu. Sisi tuketio nyuma ndio tumsifuo afikaye kwanza na kumdhihaki aendaye polepole. Mkristo aliye abiria anao ulimi. Na amwambie dereva kwa adabu, Ndugu, punguza, twapita katika watu. Mwenye magari na aajiri madereva wawili kwa safari ndefu. Nanyi walimu wa dini, mfundishapo amri ya tano, itajeni barabara kwa jina lake, ili vijana watakaoshika usukani wajue kwamba kila kijiji walichokiona kuwa kinawachelewesha ni mji wa mtu, nao wamepita mlangoni pake.