Je, mlima wa moto ni adhabu ya Mungu?

Mlima wa moto unapopasuka, watu huuliza mara: "Wenyeji wale walikosa nini?" Hata Goma, moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya mji mwaka 2002, wengi walinena hivyo. Tutazame milima miwili ya mbali, tupate jibu.

Wa kwanza ni Vesuvius, nchini Italia. Mwaka 79 ulizika miji ya Pompeii na Herculaneum. Huko Pompeii mawe mepesi yalinyesha kwa saa nyingi, kisha mawingu ya majivu ya moto yakashuka, yakawaua waliobaki. Mtu aweza kusema: "Hao waliabudu sanamu, wamelipwa."

Haya, twende kisiwa cha Martinique, chenye mlima Pelée. Tarehe 8 Mei 1902, karibu saa mbili asubuhi, wingu la moto liliangukia mji wa Saint-Pierre. Kwa dakika chache tu watu wapata 28,000 wakafa. Nao walikuwa Wakatoliki, na siku ile ilikuwa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana! Kati ya wachache mno waliopona, mmoja alikuwa mfungwa, Cyparis, aliyekingwa na kuta nene za chumba cha gereza. Basi, nani atasoma dhambi za watu katika majivu?

Bwana wetu alikwisha kutujibu katika Injili ya Luka. Watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wakosefu kuliko wenzao. Aliwaonya wasikilizaji watubu wao wenyewe.

Mlima hauna akili wala hiari, kwa hiyo hauwezi kutenda dhambi wala wema. Mwanadamu aweza yote mawili. Pelée ulianza kutoa majivu na harufu ya kiberiti tangu Aprili. Tarehe 5 Mei tope la moto lilizika kiwanda cha sukari pamoja na watu. Hata hivyo tume ya liwali ilisema mji hauna hatari, na watu wa mashamba wakakimbilia humo. Liwali naye alikuja, akafa pamoja nao. Tusimhukumu, lakini tukumbuke kwamba busara ni fadhila, na mkubwa ana deni la kuwaambia watu wake ukweli.

Kule Vesuvius, Plinius Mzee, mkuu wa merikebu za vita, alielekeza merikebu zake kwenye hatari ili aokoe watu, akafa pwani ya Stabiae. Alikuwa mpagani, lakini alitenda upendo tunaofundishwa sisi kila Dominika.

Basi, ndugu, siku mkimbizi atakapobisha mlangoni na mtoto mgongoni, tusimwulize kosa lake. Tujiulize sisi: je, tuna mkeka na chakula cha kumpa?