Mtoto Kiziwi Arudipo Likizo

Mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilifungua mjini Tabora shule ya watoto viziwi, ya kwanza ya namna hiyo nchini. Wazazi wanaowapeleka watoto wao katika shule kama hizo hutenda vema. Lakini je, wajibu wa mzazi hukoma langoni pa shule?

Huko mtoto hujifunza lugha ya alama. Huuliza, hujibu, hutaniana na wenzake. Likizo ikifika hurudi kwao, na nyumbani hakuna ajuaye hata alama moja. Hulishwa, huvikwa, hupendwa pia. Ila akionewa njiani, hana wa kumweleza.

Wengine watasema: “Sisi ni wakulima, hatukusoma.” Alama hazitaki kalamu wala kitabu; mtoto mwenyewe alizijua kabla ya kusoma.

Basi, mwalimu na awaonyeshe wazazi alama chache kila wajapo kumchukua mtoto. Nao wazazi wawafundishe ndugu zake, kwa maana ndio watakaoishi naye sisi tukiisha kuondoka. Kumpenda mtu ni pamoja na kukubali kujifunza kwake.