Vita Bila Wapinzani Si Vita vya Haki

Mwezi Juni 2025, siku chache kabla ya ndege za Marekani kushambulia vituo vya nyuklia vya Iran huko Fordow, Natanz na Isfahan, mtangazaji Tucker Carlson alifanya mahojiano na Seneta Ted Cruz wa Texas. Wote wawili ni wahafidhina, na wote wawili walikuwa upande wa Donald Trump katika uchaguzi. Carlson akamuuliza mgeni wake: Iran ina watu wangapi? Cruz, ambaye alikuwa akitetea waziwazi kuangushwa kwa serikali ya nchi hiyo, akajibu kwamba hajui. Carlson akamtajia: milioni 92. Wako walioona swali lile ni mtego wa kumdhalilisha seneta. Ukilitazama kwa jicho la maadili, hata hivyo, ni swali zito sana. Anayetaka kuiangusha serikali ya watu wengine ana wajibu wa kuwajua watu hao, na kama hawajui, lazima awepo mtu mwenye ruhusa ya kumwambia hivyo usoni kabla bomu halijaanguka. Ndiyo maana nashikilia kwamba uhuru wa kupinga vita si anasa ya wakati wa amani. Ni sharti mojawapo linalovifanya vita viwe halali mbele ya dhamiri. Taifa lililowaziba mdomo wanaosema hapana haliwezi kujua kama vita vyake ni vya haki, hata pale ambapo kwa bahati ni vya haki kweli.

Masharti ya vita vya haki yamefundishwa na Kanisa kwa karne nyingi. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliweka msingi. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, akayapanga kuwa matatu: vita vitangazwe na mwenye mamlaka halali, viwe na sababu ya haki, na anayepigana awe na nia njema. Waliokuja baadaye wakaongeza kwamba viwe njia ya mwisho, na kwamba madhara yake yasizidi uovu unaokusudiwa kuondolewa. Ukiyatafakari utaona kwamba hakuna hata moja linalojipima lenyewe. Sababu ya haki hutegemea habari, na habari za vita huwa mikononi mwa wale wale wanaovitaka. Nia njema hakuna mtawala anayekiri kuikosa. Na nani atasema kama njia nyingine zimekwisha, ikiwa kila anayetaja njia nyingine anaitwa msaliti? Binadamu hujidanganya, na hujidanganya zaidi anapoamini kwamba anatenda wema. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini wengi walioogopeshwa hadi wakasema kauli moja hawana faida kuliko mtu mmoja.

Jambo hili lilipaswa kuwa jepesi kueleweka kwa wahafidhina kuliko kwa watu wengine, maana msimamo wao unaanzia hapo hapo: binadamu ameanguka dhambini, akili yake ina mipaka, na mipango mikubwa ya kuiumba dunia upya huishia pabaya. Edmund Burke, wanayemhesabu kuwa baba yao, anakumbukwa kwa kitabu chake cha mwaka 1790 dhidi ya Mapinduzi ya Ufaransa. Lakini miaka 15 kabla ya hapo alisimama katika Bunge la Uingereza akiitaka serikali ipatane na makoloni ya Amerika badala ya kuyapiga, na vita vilipopamba moto hakunyamaza. Huko Marekani kwenyewe John Quincy Adams, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitumia hotuba yake ya tarehe 4 Julai 1821 kuonya kwamba nchi yake isiende kuwatafuta mazimwi ng'ambo ili iwaangamize, kwa kuwa ikifanya hivyo itapoteza roho yake. Mhafidhina anayeshuku uwezo wa serikali kusimamia mambo madogo ya raia wake, kisha akaiamini ijenge taifa jipya kwa nguvu za kijeshi mahali isipojua lugha wala koo za watu, ameiacha hekima yake mwenyewe njiani.

Historia inatuonyesha gharama ya kunyamazisha. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia, Bunge lilipitisha Sheria ya Ujasusi, na mwaka uliofuata ikaongezewa makali. Tarehe 16 Juni 1918 msoshalisti Eugene Debs alihutubia mkutano huko Canton, Ohio, akisema kwamba wakubwa ndio wanaotangaza vita na wanyonge ndio wanaokufa ndani yake. Kwa maneno hayo alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Machi 1919 majaji wote wa Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Oliver Wendell Holmes, walikubaliana na adhabu hiyo, wakati bunduki zilikuwa zimeshanyamaza Ulaya kwa miezi minne. Mwaka 1920 Debs aligombea urais akiwa gerezani Atlanta na akapata kura zaidi ya laki tisa. Si lazima nikubaliane na usoshalisti wake ili nikubali kwamba aliuliza jambo lililohitaji jibu, na badala ya jibu akapewa pingu. Inafaa wahafidhina wakumbuke nani alimtoa. Si Woodrow Wilson, Mdemokrati aliyesema anaipigania demokrasia duniani, yeye alikataa. Ni Warren Harding, rais wa chama cha Republican, aliyemwachia Krismasi ya 1921 na kumpokea Ikulu siku iliyofuata. Holmes naye hakubaki alipokuwa. Novemba 1919, katika kesi ya Abrams, aliandika maoni ya kupingana na wenzake, akitetea haki ya wahamiaji waliosambaza vipeperushi vya kulaani kupelekwa kwa majeshi ya Marekani Urusi.

Aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi kwa upande wa wahafidhina ni Seneta Robert Taft wa Ohio. Desemba 1941, siku 12 tu baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, wakati hasira ya taifa ilikuwa inachemka, alisema mjini Chicago kwamba ukosoaji wakati wa vita ni wa lazima kwa serikali yoyote ya kidemokrasia. Hakudai kwamba hauna hasara; alikubali kwamba adui anaweza kufarijika kidogo akiusikia. Alichosema ni kwamba faida ni kubwa kuliko hasara, kwa sababu ukosoaji huzuia makosa ambayo yasingezuilika kwa njia nyingine. Taft mwenyewe aliiunga mkono nchi yake katika vita vile. Aliitaka ipigane huku macho yake yakiwa wazi.

Miaka 60 baadaye chama chake kilikuwa kimemsahau. Oktoba 2002 Bunge lilipompa George W. Bush idhini ya kuivamia Iraq, wabunge sita tu wa Republican katika Baraza la Wawakilishi walipiga kura ya hapana, na seneta mmoja. Papa Yohane Paulo II alimtuma Kardinali Pio Laghi, aliyewahi kuwa balozi wake Washington, akaonana na Bush tarehe 5 Machi 2003 kumsihi asianzishe vita. Wiki mbili baadaye vikaanza. Wakati huo huo jarida la National Review, lililokuwa sauti kuu ya wahafidhina tangu 1955, lilichapisha makala ndefu ya David Frum akiwashutumu wahafidhina wenzake waliopinga vita kwamba si wazalendo, na kutangaza kwamba wakati wa kuwapa kisogo umefika. Baadhi ya hao walioshutumiwa, kweli, waliandika mambo ya aibu juu ya jamii na watu wa asili nyingine, na walistahili kujibiwa kwa hayo. Lakini kuhusu lililobishaniwa wakati ule, yaani kama Iraq ina silaha za maangamizi na kama kuivamia kutaleta utulivu, wao ndio waliokuwa karibu na ukweli. Silaha hazikupatikana. Wanajeshi wa Marekani wapatao 4,500 walikufa, na raia wa Iraq zaidi ya laki moja. Jamii za Wakristo wa Mosul na uwanda wa Ninawi, zilizokuwapo kabla ya kuzaliwa Uislamu, zilitawanyika. Hilo ndilo jambo ambalo Mkristo mhafidhina wa Texas angependa kulijua kabla, na wapo waliolisema, ila walikuwa wameshaondolewa mezani.

Mtu mmoja alibeba uzito huo mpaka mwisho. Walter Jones, mbunge wa Republican kutoka North Carolina, alivipigia kura ya ndiyo vita hivyo, na ni mmoja wa waliofanya viazi vya kukaanga katika migahawa ya Bunge vibadilishwe jina ili visiitwe vya Kifaransa, kwa hasira dhidi ya nchi iliyokataa kushiriki. Kisha alihudhuria mazishi ya mwanajeshi wa eneo lake. Tangu hapo alianza kuziandikia barua familia za waliokufa, na hadi alipofariki Februari 2019 alikuwa ametia sahihi zaidi ya 10,000. Picha za waliokufa alizitundika ukutani nje ya ofisi yake. Alisema barua zile ni toba yake kwa Mungu. Alipogeuka, wengi chamani mwake walimwona mkorofi.

Wapo watakaosema kwamba mjadala usio na mwisho hulemaza mkono unaopaswa kuokoa, na sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kulipuuza pingamizi hili. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, redio ya RTLM ilikuwa ikitaja hewani majina ya Watutsi na mahali walipojificha. Maofisa wa Marekani walijadili kuyakatiza mawimbi yake. Wizara ya Ulinzi ikasema ndege ya kufanya kazi hiyo itagharimu dola 8,500 kwa saa na haitafaa kitu. Wanasheria wa serikali wakataja mikataba ya utangazaji, na pia desturi ya Marekani ya kuheshimu uhuru wa kusema. Redio ikaendelea. Basi, watauliza, uhuru wa kusema haukuwa hapo mshirika wa wauaji? Naliona swali hili kuwa zito kuliko mengine yote, na jibu langu ni kwamba wanasheria wale waliitumia vibaya kanuni yao wenyewe. Tangu 1969, katika kesi ya Brandenburg dhidi ya Ohio, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeweka wazi kwamba maneno yanayochochea uhalifu wa papo hapo, na yanayoelekea kweli kuuzaa, hayana kinga. Kumtaja mtu kwa jina na kutangaza alipo huku wenye mapanga wakisikiliza si maoni. Mahakama ya Kimataifa kuhusu Rwanda iliyoketi Arusha ilisema hivyo Desemba 2003 ilipowatia hatiani wakuu wa RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura. Tena Rwanda haikukosa kuokolewa kwa sababu Wamarekani walibishana mno. Walibishana kidogo mno: jambo lilimalizwa na maofisa wachache, na Bunge na umma havikuwahi kuilazimisha serikali ijieleze. Hoja yangu haimkatazi mtu kwenda kuwaokoa majirani. Inamtaka athibitishe kesi yake mbele ya anayembishia.

Wengine wataniambia kwamba upinzani wa vita huwa mlango wa chuki. Ni kweli umewahi kuwa. Septemba 1941 huko Des Moines, rubani Charles Lindbergh aliwataja Wayahudi miongoni mwa wanaoisukuma Marekani vitani, na tangu siku hiyo harakati zake zilibaki na doa hilo. Leo pia wapo ambao kuipinga sera ya Marekani kwa Israel kwao ni kisingizio cha kuwachukia Wayahudi, na mhafidhina mwenye heshima anapaswa kuwakatalia hadharani, kwa majina. Ila kumkatalia mtu ni jambo moja na kumtumia polisi ni jambo jingine. Februari 2025 Makamu wa Rais JD Vance alikwenda Munich akawakaripia Wazungu wa Ulaya kwa kubana uhuru wa kusema. Machi mwaka huo huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts huko Massachusetts, raia wa Uturuki, alikamatwa barabarani na maofisa waliofunika nyuso, akawekwa kizuizini Louisiana zaidi ya wiki sita kabla jaji hajaamuru aachiwe. Maandishi aliyoshiriki kuyaandika yalikuwa makala katika gazeti la wanafunzi kuhusu Gaza. Serikali haiwezi kuhubiri uhuru Munich na kuukamata Massachusetts, na wahafidhina walioliona hilo na kulisema waliitendea imani yao haki.

Kuyarekebisha yote haya kuna mahali pa kuanzia. Tarehe 14 Septemba 2001, Marekani ikiwa bado inawatafuta wafu wake kwenye vifusi, Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 420 kwa 1 azimio ambalo kiini chake ni maneno 60, linalomruhusu rais kutumia nguvu za kijeshi dhidi ya waliohusika na mashambulizi ya siku tatu kabla. Aliyesema hapana alikuwa Barbara Lee, Mdemokrati wa California, na kwa kura hiyo alitishiwa kuuawa hata akahitaji walinzi. Hakuna mhafidhina hata mmoja aliyeungana naye. Marais wa vyama vyote viwili wamelitumia azimio hilo katika nchi ambazo halizitaji, ikiwemo Somalia, jirani yetu, dhidi ya kundi ambalo mwaka 2001 lilikuwa halijaanzishwa. Wahafidhina wanaosema leo kwamba wamechoshwa na vita visivyo na mwisho wana kura Bungeni. Wazitumie kulifuta.