Chakula Baridi na Heshima ya Mgeni

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitazame pamoja ni dogo kama punje ya karanga, lakini limenisumbua tangu mwezi wa tatu mpaka leo. Mtu akikualika nyumbani kwake kusherehekea mwanawe aliyetimiza mwaka mmoja, je, anawiwa nini nawe, na wewe unawiwa nini naye? Anaweza kukuwekea mbele sahani ya karanga, vipande vya tango na andazi lililopikwa jana, akakwambia karibu, na asiwe amekuvunjia heshima? Au heshima ya mgeni ni lazima itoke jikoni ikifuka moshi?

Wapo watakaocheka. Watasema wenzetu wanafikiri juu ya haki na utawala, huyu anafikiri juu ya karanga. Sawa, wacheke. Mimi naamini maadili ya watu hayakai bungeni peke yake. Yanakaa hata kwenye sinia.

Mambo yalianza hivi. Dada yangu, anayeishi na mumewe nje kidogo ya Ikungi, huku kwetu Singida, alitaka kumfanyia mtoto wake wa pili sherehe ya mwaka mmoja. Mle bandani walikuwamo mitetea saba na majogoo wanne. Msomaji ambaye hajafika Singida ajue kwamba kuku kwetu si kitoweo tu. Kuku ni benki. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na alizeti huvunwa mara moja kwa mwaka. Kuku, bwana, unamuuza siku yoyote, mtoto akishikwa homa au daftari likiisha. Ndiyo maana matenga ya kuku hupakiwa kwenye magari kwenda Dodoma na Dar es Salaam, na mtu wa Dar ukimtajia Singida, yeye anakutajia kuku.

Shemeji alitaka majogoo wote wanne wachinjwe, ipikwe pilau, na kreti mbili za soda zikopwe dukani. "Tusije tukachekwa," alisema. Neno hilo ndilo lililoniamsha. Nikamwambia, shemeji, hebu tulia. Watu wazima hawaji kula, wanakuja kumwona mtoto. Tuwawekee karanga za kukaanga, bisi, matango, mayai machache ya kuchemsha, maandazi yaliyopikwa usiku, na juisi ya ubuyu iliyopoa mtungini. Waje saa kumi, saa kumi na mbili wameshaondoka. Hakuna atakayekufa kwa njaa.

Ndugu msomaji, ishike hiyo sentensi yangu ya mwisho. Nitairudia baadaye nikiwa na aibu.

Nilikuwa na hoja mbili, na mpaka leo siziachi.

Hoja ya kwanza ni picha. Dada ana picha ya sherehe ya mtoto wake wa kwanza, iliyofanyika miaka minne iliyopita. Ndani yake yumo mtoto amebebwa na baba yake, yumo bibi, yumo mjomba, wamo majirani na watoto wao, hata mbwa yumo. Mama wa mtoto hayumo. Alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, macho mekundu kwa moshi, akigeuza pilau ya watu arobaini. Aliposikia makofi ndipo alipojua kwamba keki imekatwa. Hivi sisi tunamheshimu mgeni kwa mali ya nani? Tunasema "nyumba hii ina ukarimu", kumbe ukarimu wa nyumba nzima umebebwa na mgongo wa mtu mmoja, na mtu huyo hata kwenye picha hakumbukwi. Chakula baridi kina fadhila hii: kinapikwa jana. Leo mpishi anaoga, anavaa kitenge chake kizuri, anaketi na wenzake.

Hoja ya pili ni ya kipimo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika katika kitabu chake cha maadili kwamba kutoa sana kunaweza kuwa kosa kama kulivyo kosa kubana mkono. Mfano wake wa mtu asiyejua kipimo ni yule anayewalisha wenzake wa chama karamu ya ukubwa wa harusi. Tatizo lake, anasema, ni kwamba hatumii kwa sababu jambo lenyewe ni jema, anatumia ili aonekane. Niliposoma hayo nilimwona shemeji na kreti zake mbili. Na tusimwonee shemeji peke yake. Siku hizi kila jambo lina kamati, kadi na mchango: harusi, kumuaga bibi harusi, kipaimara, na sasa mtoto wa mwaka mmoja anaandaliwa ndafu ilhali mwenyewe ana meno manne. Aliyekopa ili asichekwe amewanunulia majirani kicheko cha baadaye, siku mwenye duka atakapokuja kudai mbele za watu.

Basi nikadhani nimeshinda. Bibi, aliyekuwa ameketi kimya akipeta mtama, akainua kichwa.

"Wee mjukuu wangu," akasema, "mtu hatoki kwake akapanda kilima na kushuka kilima aje kutafuna karanga kama panya."

Nikamwambia, bibi, mtoto mwenyewe hatajua kama tulichinja au hatukuchinja.

"Mtoto hajui. Mimi ninajua. Mimi nilizaa wanane, nikazika watatu kabla hawajatembea. Hao unaowaita wageni walikuja kunishika mkono nikizika. Leo mtoto amefika mwaka, waje waone kwa macho yao kwamba huyu amefika. Hawa si wageni. Ni mashahidi."

Nilinyamaza. Sisi vijana tunadhani sherehe ya mwaka mmoja imeletwa na televisheni pamoja na keki na mapulizo. Umbo lake, ndiyo, limetoka huko. Lakini kiini chake ni kizee kuliko keki. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 99 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Ni karibu mmoja katika kila kumi. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 33. Ni jambo la kushukuru, chanjo na kliniki zimefanya kazi. Lakini bibi alizaa kabla ya tarakimu zote mbili. Kwake yeye mwaka mmoja si umri, ni mto uliovukwa. Nawe unamwambia aliyevuka mto ashangilie kwa bisi!

Hata hivyo, baada ya maneno mengi, dada mwenyewe aliamua. Alisema, "Mitetea siuzi, majogoo sichinji, na mara hii nataka niwe kwenye picha." Bibi akaguna tu. Tukafuata mpango wangu.

Sherehe ilikwenda vizuri, sitasema uongo. Dada aliketi mkekani amempakata mwanawe, amevaa kitenge cha rangi ya machungwa. Watu walikula matango kwa chumvi na pilipili, wakasifu juisi ya ubuyu. Ilitokea hofu moja ndogo: mtoto alichukua karanga iliyoanguka, shemeji akaruka kama chui na kumfungua kiganja kabla haijafika mdomoni, maana karanga nzima humpalia mtoto mdogo na inaweza kumuua. Tukahamishia sahani zote juu ya meza. Nilijiambia moyoni: ona, kinachoitwa chepesi kwa mkubwa ni kizito kwa mdogo. Sikujua kwamba somo hilo lilikuwa langu.

Miongoni mwa waalikwa alikuwamo mzee mmoja, jirani, anayekaa na wajukuu wawili. Alikuja mapema, amevaa koti. Alipokea sahani yake kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka magotini. Hakula. Muda si muda alikuwa akitazama upande wa jikoni. Watu walipoanza kuaga naye bado ameketi, anatazama. Mwishowe alitoa kitambaa mfukoni, akamimina karanga, akaongeza yai na nusu ya andazi, akafunga fundo, akalitia ndani ya koti. Akambariki mtoto, akaondoka.

Mwanzoni nilikasirika. Nilidhani ametudharau. Ni bibi aliyenieleza jioni ile, bila kupandisha sauti. Ulikuwa mwezi wa tatu. Mwezi huo mahindi na mtama bado vi shambani, na maghala ya wengi yamekwisha kuonyesha sakafu. Mzee yule alikuwa amekuja kula. Alisikia neno sherehe akajua leo kuna wali, na pengine aliwaambia wajukuu wake watulie, atawaletea.

Hakuna atakayekufa kwa njaa, nilisema. Nilisema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekula mchana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiipima upya hoja yangu. Je, ilikuwa ya uongo? Hapana. Picha ya pili ipo, na dada yumo ndani yake, anacheka. Mitetea ipo na inataga. Duka halimdai mtu. Lakini hoja yangu ilisimama juu ya dhana ambayo sikuikagua: kwamba kila mtu mzima anayealikwa saa kumi ameshiba. Dhana hiyo ni ya mjini, tena ya nyumba fulani za mjini. Wenzetu wa huko wanaweza kuwekeana sahani ya vitu vidogo vidogo, kila mtu akadokoa viwili akatosheka, kwa sababu nyumbani kwake sufuria inamngoja. Kwetu, katika mwezi wa tatu, sherehe ya mmoja ni chakula cha jioni cha mwingine, na mwenye njaa hawezi kuitangaza. Anakuja na koti lake.

Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, aliegemea methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaipenda ile sehemu ya jembe. Tunasahau kwamba kabla ya jembe zipo siku mbili za kumlisha mtu bila kumhoji. Mimi nilitaka kumhesabia mgeni wangu gharama hata kabla siku ya kwanza haijachwa.

Basi jibu langu ni hili, nawe msomaji ulipinge ukiweza. Baridi si dhambi. Moshi si heshima, na jasho la mwanamke mmoja si kipimo cha ukarimu wa ukoo. Anayekopa ili asichekwe anakosea. Lakini anayeweka kidogo kwa kujifariji kwamba wageni hawakuja kula, naye anakosea, na kosa lake ni baya zaidi kwa sababu linavaa nguo ya busara. Swali la kwanza la mwenyeji lisiwe "nitaonekanaje?" wala "nitaokoa kiasi gani?" Liwe "anayekuja ametoka kwenye nyumba gani?"

Na jibu la swali hilo halihitaji majogoo wanne. Viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi vinaliwa vimepoa na vinashibisha. Mihogo vivyo hivyo, na kunde na karanga za kuchemsha, na mkate mnene wa kumimina. Vyote ni baridi, vyote vinapikwa mapema, mama anakaa kwenye picha yake, na mzee mwenye koti anakula akashiba bila mtu kujua kwamba alikuja na njaa. Cha kubeba afungiwe na mwenye nyumba, kwa mkono wa mwenye nyumba, ili asilazimike kuficha.

Siku ya pili yake dada alipika sufuria ya viazi akanituma kwa mzee yule. Nilimkuta uani na wajukuu wake. Alipokea kwa mikono miwili, kama alivyopokea sahani, akauliza, "Mtoto hajambo?"

Nikamjibu hajambo.

"Nilimwona," akasema. "Amefika."

Hakusema neno juu ya chakula. Alikuwa ametoa ushahidi wake akiwa na njaa, nami niliyekuwa nimeshiba ndiye niliyeandika hesabu.