Silaha ya Mbali na Jirani wa Karibu

Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wahenga. Katika zama zao mkono ulikuwa mpaka wa ghadhabu: aliyetaka kuua alilazimika kumkaribia adui, kuuona uso wake, na kukubali hatari ile ile aliyomletea. Kombora limeutangua ukweli wa methali hiyo. Siku hizi fimbo ya mbali huua nyoka, na aghalabu humwua pia mpita njia asiye na hatia.

Afrika ya Mashariki iliyajua hayo katika vita vya Kagera. Mwezi wa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin waliivamia Tanzania. Tanzania ilijibu, na miongoni mwa silaha zake yalikuwamo makombora yaliyofyatuliwa kwa mfululizo kutoka mbali, ambayo watu wa Uganda waliyaita Saba Saba. Haki ya kujilinda haikuwa na shaka. Lakini taifa moja likipata silaha ya namna hiyo, jirani yake hulala macho mpaka apate yake. Naye akiipata, wa kwanza hutafuta ifikayo mbali zaidi. Hivyo kila mmoja hununua amani yake kwa hofu ya mwenziwe, na bei yake haishi kupanda.

Tena kuna deni jingine. Silaha isiyopigwa haina budi kuwekwa mahali, na kila mahali pana jirani. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, Temeke. Tarehe 16 Februari 2011 likalipuka jingine Gongo la Mboto. Makombora yaliruka pasipo mkono wa kuyaelekeza, yakaangukia nyumba za raia. Watu wengi walikufa, na maelfu waliokimbia Gongo la Mboto walipewa hifadhi katika Uwanja wa Uhuru. Adui hakuwapo, ulikuwapo umbali tu, uliogeuka ukaelekea nyumbani.

Je, taifa liache silaha? La, mnyonge asiye na ngao humtamanisha mwonevu. Lakini mwenye silaha ya mbali ana wajibu wa kuwajua watu wa ncha zake mbili: yule atakayepigwa, na yule alalaye kando ya ghala. Umbali humficha wa kwanza. Mazoea humficha wa pili. Asiyewaona wote wawili hajapima usalama, amepima nguvu.