Figo ya Nduguyo ni Amana

Ndugu zangu mliopandikizwa figo, naanza nanyi. Mmekaa kwenye mashine ya kusafisha damu wiki baada ya wiki. Mmeuza mashamba. Wengine mlichangiwa nauli ya India, kabla Muhimbili haijaanza kupandikiza mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Kisha dada, kaka au mama, mzima wa afya, akakubali kupasuliwa ili wewe uishi. Ulichobeba tumboni ni amana. Mbona basi unaikimbia chanjo?

Jibu lenu nalijua. Mnasema: daktari ameishusha kinga yangu ili figo isikataliwe, chanjo huiamsha kinga, ikiamka, itaigeukia figo. Hofu hiyo siidharau, maana anayeisema amezielewa dawa zake kuliko wengi. Lakini sikilizeni. Chanjo huifundisha kinga kumtambua adui mmoja tu, awe kirusi cha mafua au kimelea cha nimonia. Haiifundishi kuichukia figo. Wapokeaji wa viungo wamechanjwa mafua kwa miaka mingi, na tafiti zilizowafuatilia hazikuonyesha kwamba waliochanjwa hukataliwa viungo vyao kuliko wasiochanjwa. Ugonjwa wenyewe ndio wa kuogopwa! Unaharisha mpaka kiwango cha tacrolimus, dawa ya kushusha kinga, kinavurugika kwenye damu. Unalazwa kwa nimonia, na madaktari wanalazimika kupunguza dawa zilezile zinazoishikilia figo, ili mwili upate nguvu ya kupigana.

Zipo chanjo ambazo kwenu ni mwiko, na hapa msifanye ukaidi. Homa ya manjano, surua na tetekuwanga ni chanjo zenye kirusi hai kilichodhoofishwa, na aliyepandikizwa hapewi kwa kawaida. Ukisafiri kwenda panapodaiwa cheti cha homa ya manjano, omba barua ya daktari inayoeleza sababu za kiafya. Usinunue cheti cha uongo, wala usichomwe kwa aibu ya kujieleza mbele ya watu.

Kwa hiyo nakulilia wewe unayesubiri upasuaji: wakati wako ni sasa! Chanjo hai utakazoruhusiwa zinatakiwa zitangulie upasuaji kwa wiki nne au zaidi. Homa ya ini aina B usiiache kabisa, maana huambukizwa kwa damu, nawe unaishi kwenye mashine ya damu. Kama ulizaliwa kabla ya miaka ya 2000, yaelekea hukuchanjwa utotoni. Mgonjwa wa figo huhitaji dozi kubwa kuliko ya mtu mzima wa kawaida, kisha apimwe kama kinga imejengeka. Ukishaanza dawa za kushusha kinga, mwili huitikia chanjo kwa udhaifu.

Kwa udhaifu, nimesema, si kwamba hauitikii. Wakati wa UVIKO-19, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichunguza wapokeaji 658 wa viungo waliokwishapata dozi mbili za chanjo. Asilimia 54 tu ndio waliokuwa na kingamwili. Wako waliopokea habari hiyo kwa kusema, si unaona, haisaidii. Marekani ilifanya kinyume: Agosti 2021 iliruhusu wapokeaji waongezewe dozi ya tatu. Mwenye kinga ndogo huongezewa ulinzi, haachwi wazi!

Na yupo anayenijibu kwa upole: Mungu aliyenipa figo ndiye atakayeilinda. Amina, nami naamini hivyo. Lakini Mungu huyo alikupa figo kwa mkono wa daktari wa upasuaji, na asubuhi na jioni unameza vidonge bila kuona kwamba umemkosea imani. Iweje imani ipungue kwa sindano ya mafua mara moja kwa mwaka?

Enyi wa nyumbani, mume, mke, watoto, na wewe uliyetoa figo, mchanjwe! Mwenzenu hujengewa ukuta na ninyi. Wahudumu wa kampeni wakibisha hodi na matone ya polio, waambieni kwanza kwamba humu ndani yupo aliyepandikizwa, kwa sababu matone yana kirusi hai, na mtoto anaweza kuhitaji ya sindano badala yake.

Madaktari, nanyi siwapiti. Mgonjwa anawaamini kuliko mitandao yote. Msipolitaja neno chanjo, anaondoka akidhani halimhusu.

Kliniki ijayo, ndugu yangu, beba kadi yako. Uliza kuhusu mafua, nimonia, homa ya ini, pepopunda na UVIKO-19: ipi nimepata, ipi nakosa, ipi imekatazwa kwangu, na miezi mingapi baada ya upasuaji nianze. Asipokuwa na jibu, mwombe amuulize mwenzake wa kitengo cha upandikizaji. Na usiinuke kwenye kiti mpaka aandike tarehe.