Kofia ya Mlozi na Kichwa cha Mtoto



Mwaka jana, siku chache mbele ya mwisho wa mwezi wa kumi, mama mmoja wa parokia yetu hapa Lubumbashi alituletea karatasi iliyotoka shuleni kwa mtoto wake. Mtoto ana miaka mitano. Karatasi ilisema kwamba tarehe 31 watoto watafanya sikukuu ya Halloween, na kila mzazi amvalishe mtoto wake nguo za kutisha na kuchekesha: mzimu, mifupa ya maiti, au mlozi mwenye kofia ndefu nyeusi. Kutakuwa na nyimbo, vitu vitamu, na maboga yenye taa ndani. Baba wa mtoto alisema: huo ni mchezo tu, tusimtenge mtoto na wenzake. Nkambo wake, mama ya baba yake, alisema: jina hilo halivaliwi na mtoto, hata kwa kucheza. Mama alisimama katikati yao, akaja kutuuliza: Kanisa linasema nini?

Swali hilohilo limetufikia kutoka kwa wandugu wetu walio Ubelgiji, Ufaransa na Kanada. Basi tumeona vema kulijibu katika ukurasa huu. Tunajibu polepole, kwa maana ni rahisi kupiga kelele juu ya mambo ya wageni, na ni vigumu kutazama mambo ya nyumbani mwetu.

1. Sikukuu hii imetoka wapi

Zamani, katika nchi ya Ayalandi na nchi za jirani, watu walikuwa na sikukuu iliyoitwa Samhain. Ilikuwa mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi. Waliamini kwamba usiku ule mlango kati ya wazima na wafu unakuwa wazi. Baadaye Kanisa la Roma liliweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na jina Halloween maana yake ni mkesha wa sikukuu hiyo. Katika siku hizo maskini walipita nyumba kwa nyumba, wakapewa mikate midogo, nao wakaahidi kuwaombea wafu wa nyumba ile.

Njaa kubwa ya miaka 1845 hadi 1852 iliwafukuza watu wengi wa Ayalandi mpaka Marekani, na desturi yao ikaenda nao. Kwao walichonga taa ndani ya mizizi ya shamba. Marekani walikuta boga, ambalo ni kubwa na laini kuchonga. Polepole sikukuu ikawa ya watoto. Mwaka 1950, katika mji wa Philadelphia, ilianza desturi nyingine: watoto waliopita nyumba kwa nyumba wakakusanya pia sarafu kwa UNICEF, za kuwasaidia watoto wa nchi nyingine.

Basi anayesema kwamba sikukuu hii ni ya shetani tangu mwanzo mpaka mwisho, hasemi kweli yote. Na anayesema kwamba haina kitu ndani, naye hasemi kweli yote.

2. Boga si kitu

Mtume Paulo aliulizwa swali la namna hii na Wakristo wa Korinto. Nyama iliyouzwa sokoni ilikuwa imetolewa kwa sanamu. Je, Mkristo aile? Katika barua yake ya kwanza, sura ya 8, Paulo anafundisha kwamba sanamu si kitu, na nyama haimpeleki mtu karibu na Mungu wala haimweki mbali. Lakini hakuishia hapo. Alisema kwamba kama chakula chake kitamwangusha ndugu aliye dhaifu, yeye hatakula nyama hiyo tena.

Tunashika njia hiyo. Boga si kitu. Taa ndani ya boga si kitu. Kitambaa cheusi na karatasi iliyokunjwa kuwa kofia havina nguvu ya kumtia mtoto pepo. Mtoto wa miaka mitano akivaa kofia hiyo na kucheka, hajafanya ulozi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inawakataza watu kufanya ulozi. Haimhukumu mtoto anayecheza. Tunalisema hili wazi, ili mzazi yeyote asije kumleta mtoto wake kwetu baada ya sikukuu ya shule akiomba afungiwe chumbani na kunyimwa chakula ili atolewe pepo.

Tena babu zetu nao walikuwa na vinyago. Kwa Wachokwe na Walunda, watoto wa kiume walioingia mukanda walikutana na vinyago vya kutisha. Lakini mtoto hakuachwa na hofu yake. Wakubwa walimwingiza ndani ya hofu kwa mkono, na kwa mkono walimtoa upande wa pili akiwa mtu mzima. Hofu ilikuwa na mwenyewe wa kuilinda.

Kwa hiyo hatuulizi kama kicheko ni dhambi. Tunauliza: katika mji wetu, neno mlozi likivalishwa mtoto kwa kucheza, ni nani ataanguka?

3. Walitubu kwanza

Wanaotetea sikukuu hii wana hoja nzuri, nasi hatutaificha. Wanasema kwamba kicheko kinaua hofu: mtoto akimcheka mlozi leo, hatamwogopa kesho. Ni kweli huko kwao. Lakini tuangalie kicheko hicho kilikujaje.

Katika Marekani kuna mji unaoitwa Salem. Mwaka 1692, wakati ilikuwa koloni la Waingereza, watu wengi wa huko walishitakiwa ulozi. 19 walinyongwa, na mzee mmoja aliuawa kwa kulemewa na mawe. Walioshitaki na kuhukumu walikuwa Wakristo, watu wa maombi, wasomaji wa Biblia. Kati ya washitakiwa alikuwamo mtoto wa kike, Dorothy Good, wa miaka minne au mitano. Alifungwa gerezani miezi mingi, na mama yake Sarah alinyongwa mwezi wa saba wa mwaka ule. Mtoto yule alikuwa na umri sawa na huyu wetu aliyepewa karatasi ya shule.

Leo, katika mji huohuo, watoto hutembea mwezi wa kumi na kofia nyeusi, na watu hucheka. Lakini kati ya gereza na kicheko kuna jambo lilifanyika. Mwaka 1697 koloni lile liliweka siku ya kufunga na kutubu kwa ajili ya damu iliyomwagika. Mwaka 1711 hukumu nyingi zilifutwa, na jamaa za waliouawa wakapewa fidia. Mwaka 1992, miaka 300 baadaye, walifungua ukumbusho wenye majina ya waliouawa. Walitubu kwanza, mchezo ulikuja baadaye.

4. Na sisi je?

Kwetu kaburi la hofu hii bado liko wazi. Katika miaka ya 1990, baada ya uporaji wa 1991 na 1993, mishahara ilipopotea, na baadaye vita vya 1996 na 1998 vilipovunja jamaa, tuliona jambo ambalo wazee walisema hawakuliona kwa wingi namna ile: watoto wadogo kuitwa walozi na watu wa nyumba zao wenyewe. Kinshasa, Mbuji-Mayi, na hapa kwetu, wengi wa wale tunaowaita mashege walitoka nyumbani kwa sababu ya neno hilo moja. Alikuwa nani mtoto huyo? Yatima aliyelelewa na mjomba. Mtoto wa mke wa kwanza. Mwenye kifafa. Anayekojoa kitandani. Anayeongea usiku. Kazi ya baba ikiisha, mtoto wa namna hiyo ndiye anayetafutwa.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inamwadhibu anayefanya hivyo. Wala kuvuka bahari hakuponyi: siku ya Noeli ya mwaka 2010, huko London, kijana wa miaka 15 wa ukoo wa Congo aliuawa kwa mateso na dada yake na mwanamume aliyeishi naye, kwa kumwita mlozi. Mahakama iliwahukumu kifungo cha maisha mwaka 2012.

Turudi kwa mama yule na karatasi yake. Tulipoenda kuwatembelea nyumbani, tulikuta mtoto mwingine: kijana wa miaka minane, mwana wa dada ya baba, ambaye wazazi wake wamekufa. Alikaa karibu na mlango na sahani yake. Tuliuliza kwa nini hali na wenzake, hakuna aliyejibu. Ndipo tulielewa kwa nini nkambo aliliogopa neno lile kwa mjukuu mmoja. Neno hilo lilikuwa tayari ndani ya nyumba, juu ya kichwa cha mjukuu mwingine. Mmoja angevishwa kofia kwa saa mbili na kupigwa picha. Mwingine alikuwa amevishwa jina, na hakuna aliyekuja kumvua.

5. Sisi watu wa unabii

Hapa inatupasa kusema kweli juu yetu wenyewe. Jina hilo kijana yule alilipata wapi? Alilipata katika maombi ya usiku, kinywani mwa mtu aliyesema kwamba ameonyeshwa. Hatutasema kwamba mambo hayo hufanyika kwa majirani tu.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1921, huko Nkamba, watu walipomsikia nabii Simon Kimbangu walitupa sanamu na dawa zao za uganga. Waliacha hofu. Ndiyo ilikuwa habari njema ya makanisa yetu: kwamba mtu wa Mungu hana haja ya kuishi akimwogopa jirani. Na nabii huyo mwenyewe alihukumiwa kufa tarehe 3 Oktoba mwaka ule, mbele ya mahakama ya askari, bila mtetezi. Hukumu iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani miaka 30, akafia hapa Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Je, watoto wa kanisa lililozaliwa na mtu aliyehukumiwa bila mtetezi wanaweza kumhukumu mtoto bila mtetezi?

Tunamlaumu mwalimu anayecheza na neno mlozi, naye hajui uzito wake. Sisi tunaoujua uzito wake, tunalitumia kweli. Ni nani mwenye dhambi kubwa?

6. Tufanye nini

Jambo la kwanza: hapa kwetu, tusimvalishe mtoto mdogo mavazi ya mlozi, hata kwa kucheza. Tumwendee mwalimu kwa heshima na kumweleza sababu. Watoto wavae nguo za mkulima, simba, muuguzi, fundi. Boga wapewe, walichonge, kisha walile.

Jambo la pili: wandugu walio Ulaya na Marekani, msimfungie mtoto ndani kana kwamba jirani zake wote ni watu wa giza. Aende na wenzake, mzazi amshike mkono, avae nguo isiyomtisha yeye wala mwingine. Na akiota vibaya usiku, akumbatiwe. Asipelekwe kwa mtu wa kumtafutia pepo.

Jambo la tatu: kama tunataka watoto wajue habari za wafu, tunayo siku yetu. Tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, tunasafisha makaburi asubuhi na kuwafurahia wazazi walio hai mchana. Tuwapeleke watoto, tuwaambie majina ya waliolala pale. Mtoto anayemjua nkambo wake kwa jina hataogopa kaburi lake.

Jambo la nne, ndilo kubwa: tuwe na siku yetu ya kufunga na kutubu kwa ajili ya watoto waliotajwa majina katika maombi yetu. Na tangu sasa, anayesema ameonyeshwa jina la mtoto anyamazishwe, na mtoto aletwe mbele, si ahukumiwe, bali abarikiwe, kama Bwana Yesu alivyowachukua watoto mikononi mwake. Yeye ndiye aliyenena juu ya jiwe la kusagia na shingo ya mtu anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa.

Tarehe 31 mama yule alimvalisha mtoto wake nguo za mkulima, na kofia ya majani. Aliyeisuka kofia ile ni yule kijana wa miaka minane. Jioni ile walikula wote kwenye sahani moja. Nkambo ndiye aliyemwita kutoka mlangoni.

Mungu atupe mikono ya kuvua majina tuliyowavisha watoto wake. Amina.